Damu Kwanza, Dawa Baadaye: Namna ya Kutibu Maambukizi ya Valvu na Utando wa Ndani wa Moyo

Mwongozo huu wa kutibu endokadaitisi, yaani maambukizi ya valvu na utando wa ndani wa moyo, umeandikwa kwa ajili ya tabibu, daktari na muuguzi wa hospitali ya wilaya au ya mkoa. Wao ndio wanaompokea mgonjwa kwanza, na wanachokifanya katika saa chache za mwanzo ndicho kinachoamua iwapo wenzao wa hospitali ya rufaa watautibu ugonjwa unaojulikana au watapapasa gizani. Ndugu wa mgonjwa naye anaweza kuusoma, hasa sehemu za mwisho, lakini dozi zilizotajwa humu ni za mtu mzima mwenye figo nzima, na hutolewa hospitalini kwa kufuata mwongozo wa taifa wa matibabu. Si dozi za kununua dukani.

Jinsi ugonjwa unavyoanza

Moyo umetandikwa kwa ndani utando laini, na valvu zake nne, ambazo wagonjwa wengi huziita milango ya moyo, zimefunikwa na utando huohuo. Utando ukiwa mzima, bakteria wanaoingia kwenye damu kila siku, kwa mfano tunapopiga mswaki, hupita bila kupata pa kushika. Ukiwa umechubuka, chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia kuigandisha, na nyuzi za damu iliyoganda hujishikiza palipochubuka, bakteria hukwama hapo na kuzaliana, na baada ya siku au majuma huota kijinyama laini kinachochezacheza kila moyo unapopiga. Kijinyama hicho kinaweza kuitoboa valvu, kinaweza kuchimba jipu kwenye nyama ya moyo iliyo jirani, na vipande vyake vinaweza kukatika na kusafiri hadi kwenye ubongo, figo au bandama.

Katika nchi za Ulaya wagonjwa wengi wa endokadaitisi ni wazee na watu wenye valvu za bandia. Kwetu Afrika Mashariki wengi ni vijana, na chanzo cha mchubuko mara nyingi ni kovu la homa ya rumatiki, ile inayofuatia tonsesi za utotoni ambazo hazikutibiwa. Wengine wamezaliwa na tundu kwenye moyo. Kuna pia wanaojidunga heroini katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa: kwao maambukizi hupenda kukaa kwenye valvu ya upande wa kulia, na dalili hujitokeza kifuani kama nimonia yenye vidonda vingi vidogo kwenye picha ya eksirei.

Homa isiyokwisha

Shaka ianze pale homa inapozidi wiki moja bila chanzo kinachoeleweka, kwa mtu mwenye mlio usio wa kawaida kwenye moyo, valvu ya bandia, au historia ya kuchomwa sindano za kila mwezi kwa ajili ya moyo. Mara nyingi mgonjwa hutokwa jasho usiku, hupungua uzito na huchoka kupita kiasi, na kwa hiyo huanza kutafutiwa kifua kikuu. Tazama chini ya kucha kwa mistari myembamba ya damu mithili ya vijiti, vuta chini kope za macho utafute vidoa vyekundu, na pima mkojo, kwa sababu damu ndogo isiyoonekana kwa macho huonekana kwenye kijiti cha kipimo. Kijana aliyepata kiharusi huku ana homa atafutiwe endokadaitisi siku hiyohiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo hospitali chache hutumia kwa kiharusi cha kawaida, asipewe, kwa sababu mishipa iliyoambukizwa inaweza kupasuka.

Kipimo cha malaria kikiwa chanya kisikufumbe macho. Katika maeneo yenye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na vimelea vichache kwenye damu na wakati huohuo valvu yake inaliwa. Kipimo cha Widal, ambacho kimewapa watu wengi taifodi wasiyokuwa nayo, nakiamini kidogo zaidi hata kuliko hicho cha malaria.

Kuchukua damu

Hapa ndipo matibabu yanapofaulu au kuharibika, na ndiyo maana nitakaa hapa muda mrefu kuliko kwenye dawa zenyewe. Damu ya kuoteshea vijidudu, yaani ile inayotiwa kwenye chupa maalumu ili vijidudu vilivyomo viote maabara na kutambuliwa, ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Dozi moja tu ya seftriaksoni inaweza kuwazima bakteria kwenye chupa bila kuwamaliza kwenye valvu, na majibu yakaja "hakuna kilichoota" wakati mgonjwa anazidi kuteketea.

Nakumbuka binti mmoja wa miaka 19 aliyeletwa wodini na mama yake. Nilipouliza ametumia dawa gani, mama alifungua fundo kwenye pindo la khanga akamwaga mezani maboksi matupu: dozi mbili za mseto wa malaria, siprofloksasini za taifodi, azithromaisini, na vichupa vitano vya seftriaksoni alivyochomwa katika zahanati moja. Kila aliyempokea alifanya alichoona chema, ila hakuna aliyechukua damu. Kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kilionyesha kijinyama kinachoning'inia kwenye valvu ya mitra, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, na chupa zetu tatu zote hazikuotesha kitu. Tulilazimika kumtibu kwa kukisia, kwa dawa zinazolenga kila mshukiwa, na mojawapo ilimwachia mlio masikioni ambao hadi siku anaruhusiwa ulikuwa haujaisha.

Chukua seti tatu (seti ni chupa zinazojazwa kwa mdungo mmoja), kila moja kutoka mahali tofauti: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kisha mkono wa kwanza tena ukitumia mshipa mwingine. Kwa mtu mzima, kila chupa iingie mililita 8 hadi 10, kwa kuwa bakteria kwenye damu ya mgonjwa huyu wanaweza kuwa wachache sana katika kila mililita, na chupa iliyotiwa mililita 2 ni sawa na kutokupima. Mgonjwa akiwa imara, acha walau nusu saa kati ya seti moja na nyingine. Huna haja ya kusubiri homa ipande, kwani katika ugonjwa huu bakteria humwagika kwenye damu muda wote, na jambo hilo lenyewe ni ushahidi: kidudu kilekile kikiota katika chupa zilizochukuliwa kwa nyakati tofauti, si uchafu wa ngozi.

Uchafu wa ngozi ndio adui wa pili. Safisha ngozi kwa kloheksidini yenye spiriti au kwa ayodini, na uiache ikauke yenyewe bila kuipuliza wala kuipepea. Vijidudu hufa katika muda huo wa kukauka. Ukishasafisha, usiguse tena mshipa kwa kidole, hata kama umevaa glavu zisizo safi kitabibu. Futa mpira wa juu ya chupa kwa spiriti kabla ya kuudunga. Usivute damu kwenye kanula, yaani mrija mdogo wa mshipani, iliyokwisha kuwekwa tangu jana, ingawa najua jinsi inavyovutia mishipa inapokuwa migumu. Andika kwenye kila chupa saa na mkono uliotumika, kisha uipeleke maabara upesi, na kama ni lazima isubiri, isubiri kwenye joto la kawaida la chumba. Usiiweke kwenye friji. Nimekuta chupa za damu zimepangwa kwenye friji pamoja na chanjo, na aliyezipanga alidhani anazitunza.

Ndugu watauliza kwa nini damu inachukuliwa nyingi hivyo, na wengine watanong'ona kwamba inauzwa. Waeleze kwamba seti tatu kamili hazifiki hata robo ya chupa ya soda, wakati mchangiaji damu hutoa mililita 450 kwa mkao mmoja na kurudi kazini.

Mgonjwa akiwa mahututi, usisubiri nusu saa kati ya seti na seti. Chukua zote tatu ndani ya dakika chache kutoka sehemu tofauti, kisha anza dawa papo hapo. Na kama hospitali yako haina chupa hizo na mgonjwa yuko imara, mpe rufaa bila kumwanzishia antibiotiki, ukieleza sababu kwenye barua, la sivyo mwenzako wa mapokezi ataona umemnyima dawa na ataanza yeye.

Eko na umeme wa moyo

Ultrasaundi ya moyo, ambayo wengi huiita eko, ifanyike mapema, lakini isicheleweshe damu. Eko inayopimwa kupitia kifua inaweza kutokuona kijinyama kidogo, na kwa mwenye valvu ya bandia hukosa zaidi kwa kuwa chuma hutupa kivuli. Hapo hutumika kifaa kinachopitishwa kwenye koo. Shaka ikiwa kubwa na eko ya kwanza ikatoka safi, irudiwe baada ya siku 5 hadi 7. Madaktari hukusanya vipengele hivi, yaani vijidudu vilivyoota, picha, homa, dalili za vipande vilivyosafiri na hali ya moyo wa awali, ili kuamua kama kweli ni endokadaitisi, kwa kufuata vigezo vya Duke vilivyotolewa mwaka 1994 na kufanyiwa marekebisho makubwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kipimo cha umeme wa moyo kipigwe siku ya kwanza na kirudiwe mara kwa mara, hasa kama valvu ya aota, mlango wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, ndiyo iliyoshambuliwa. Umeme ukianza kuchelewa kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, huenda jipu limefika kwenye njia zake, na huyo ni mgonjwa wa kupelekwa kwa wapasuaji.

Dawa, kiasi na muda

Kabla ya penisilini, karibu kila aliyeugua alikufa. Mwaka 1944 huko Brooklyn, New York, daktari Leo Loewe aliripoti wagonjwa waliopona baada ya kupewa penisilini nyingi kwa dripu mfululizo, na somo la wakati ule halijabadilika: kijinyama hakina mishipa ya damu ya kwake, bakteria wamejificha ndani ya nyuzi zilizoganda, na wengi wao wamelala bila kuzaliana, kwa hiyo dawa lazima iwe ya kuua, iingie kwa mshipa, iwe nyingi na iende kwa majuma. Valvu ya asili hutibiwa wiki 4 hadi 6 kwa kawaida, na ya bandia si chini ya wiki 6. Siku zihesabiwe kuanzia siku ya kwanza ambayo damu iliyorudiwa haikuotesha kitu, si kuanzia siku ya kulazwa. Kwa hiyo rudia kuotesha kila baada ya saa 24 hadi 48 mpaka damu iwe safi.

Wakati majibu yanasubiriwa na hali hairuhusu kungoja, mgonjwa mwenye valvu ya asili aliyeambukizwa akiwa nje ya hospitali anaweza kuanzishiwa ampisilini gramu 12 kwa siku pamoja na seftriaksoni, au pamoja na kloksasilini na jentamaisini. Mwenye valvu ya bandia iliyowekwa ndani ya mwaka mmoja huanzishiwa vankomaisini, jentamaisini na rifampisini. Kidudu kikijulikana, dawa hubadilishwa na kuelekezwa kwake.

Streptokokasi wa kinywani wanaosikia penisilini ndio wapole kuliko wote: benzilpenisilini uniti milioni 12 hadi 18 kwa siku, zikigawanywa mara 4 hadi 6, au seftriaksoni gramu 2 mara moja kwa siku, kwa wiki 4. Stafilokokasi orea ni mkali na huharibu valvu kwa siku chache. Hutibiwa kwa kloksasilini gramu 2 kila baada ya saa 4, na akiwa sugu kwa dawa hiyo hutibiwa kwa vankomaisini. Kuongeza jentamaisini kwa stafilokokasi wa valvu ya asili, desturi ambayo bado naiona, huumiza figo bila faida ya maana. Enterokokasi hapaswi kuachiwa seftriaksoni peke yake, kwa sababu peke yake haimwui; huhitaji ampisilini gramu 2 kila baada ya saa 4 pamoja na seftriaksoni gramu 2 kila baada ya saa 12, kwa wiki 6. Stafilokokasi kwenye valvu ya bandia huongezewa rifampisini na jentamaisini, na hapo kumbuka mambo mawili: rifampisini hupunguza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hivyo kipimo cha kuganda kwa damu kifuatiliwe kwa karibu, na anayetumia dolutegravir kwa ajili ya virusi vya UKIMWI ainywe miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Dozi ya kila baada ya saa 4 maana yake ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku na saa 8 usiku. Dozi inayoponyoka ni ile ya saa 8 usiku, wodi inapokuwa na muuguzi mmoja kwa vitanda 40. Pitia chati kila asubuhi ukianzia kwenye safu hiyo. Ikionekana wazi kwamba wodi haiwezi, ni uaminifu zaidi kuchagua dawa ya mara moja kwa siku, pale kidudu kinaporuhusu, kuliko kuandika ratiba ambayo haitatekelezwa. Angalizo dogo kwa wachanganyaji wa dawa: seftriaksoni isipite kwenye mpira mmoja na dripu ya Ringer's, kwa sababu kalisi iliyomo huigandisha.

Uangalizi wa wodini

Homa hutarajiwa kushuka ndani ya wiki moja hivi. Isiposhuka, uliza kama kuna jipu, kama dawa si sahihi, au kama dozi hazikutolewa. Homa iliyoondoka na kurudi katika wiki ya tatu mara nyingi hutoka kwenye kanula iliyooza au kwenye dawa yenyewe, hivyo kagua kila mshipa uliodungwa kabla ya kubadilisha antibiotiki. Pima kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, walau mara mbili kwa wiki kwa anayepewa jentamaisini au vankomaisini, na muulize kila siku kama masikio yanavuma au anayumba akitembea. Usingoje aseme mwenyewe. Meno yakaguliwe wakati bado amelazwa, na jino bovu lishughulikiwe chini ya kinga ya dawa anazopata. Anayetumia wafarini asichomwe sindano za msuli, na wafarini hiyo isisitishwe wala kubadilishwa bila ushauri wa daktari wa moyo. Aspirini haizuii vijinyama kukatika, kwa hiyo isianzishwe kwa sababu hiyo.

Kwa anayejidunga heroini, arosto, yaani mateso ya kuikosa, isipotibiwa hatakaa kitandani wiki mbili, achilia mbali nne. Tiba ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ambayo hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam iliianza mwaka 2011, iunganishwe na matibabu ya moyo tangu siku ya kulazwa.

Wiki 6 kitandani ni mzigo ambao familia nyingi hushindwa kuubeba: kitanda, dawa, nauli na chakula cha anayemuuguza. Zungumza nao siku ya kwanza, waeleze idadi ya siku waziwazi, na uwatafutie ofisa ustawi wa jamii kabla hawajaanza kuuza mbuzi. Mgonjwa anayetoroka wiki ya pili akijisikia mzima ndiye anayerudi wiki ya saba na valvu iliyotoboka. Utafiti wa Denmark uliotangazwa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 400, ulionyesha kwamba walioimarika baada ya siku zisizopungua 10 za dawa za mshipa wanaweza kumalizia kwa vidonge bila kupata madhara zaidi. Lakini wale walichaguliwa kwa makini, kidudu chao kilijulikana, walimeza dawa mbili za makundi tofauti na walifuatiliwa kwa karibu. Asiyejulikana kidudu chake hana njia hiyo, na hapo zile chupa za damu za siku ya kwanza zinarudi tena kuwa hoja.

Nani apelekwe kwa wapasuaji

Usisubiri wiki 6 ziishe ndipo upige simu. Mgonjwa anayebanwa pumzi kwa sababu valvu inavuja, mwenye jipu, ambaye damu yake bado inaotesha vijidudu baada ya wiki moja ya dawa sahihi, au mwenye kijinyama cha milimita 10 au zaidi ambacho tayari kimerusha kipande, anapaswa kuonwa na timu ya upasuaji mapema. Maambukizi ya fangasi nayo kwa kawaida hayaponi kwa dawa peke yake. Upasuaji wa valvu hufanyika Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Kampala katika Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago, na nchini Kenya katika vituo kadhaa ikiwemo hospitali ya Tenwek, Bomet. Barua ya rufaa iseme kidudu gani kimeota, dawa gani zimetolewa, kwa dozi ipi na tangu tarehe gani.

Baada ya kuruhusiwa

Aliyeugua mara moja yuko hatarini kuugua tena maisha yake yote. Kabla ya kung'olewa jino au kusafishwa meno kwa namna itakayotoa damu kwenye fizi, yeye, mwenye valvu ya bandia, na aliyezaliwa na aina fulani za kasoro za moyo humeza amoksilini gramu 2 mara moja, nusu saa hadi saa moja kabla. Kwa mwenye kovu la rumatiki ambaye hajabadilishiwa valvu, miongozo ya nchi mbalimbali inatofautiana, hivyo daktari wake wa moyo ndiye aamue.

Wagonjwa wengi huamini kwamba sindano ya kila mwezi, yaani benzathini penisilini ya uniti milioni 1.2 inayochomwa kila baada ya wiki 3 au 4, inawakinga na haya yote. Sindano hiyo ni muhimu na isiachwe, ila kazi yake ni kuzuia homa ya rumatiki isirudi. Kiwango chake kwenye damu ni kidogo mno kuweza kuwazuia bakteria wa kinywani siku ya kung'oa jino. Tena bakteria wa kinywa cha mtu huyo wanaweza kuwa wameshazoea penisilini, na kwa hiyo siku hiyo huchaguliwa dawa ya kundi jingine, kwa mfano azithromaisini miligramu 500.

Siku ya kuruhusiwa, rudia eko ili iwe kipimo cha kulinganishia, na mwandikie mgonjwa kadi ya kukaa kwenye pochi pamoja na kadi ya bima. Iandike kwa Kiswahili ili hata muuzaji wa duka la dawa aielewe: jina la ugonjwa, valvu iliyoathirika, kidudu kilichoota, dawa iliyotumika na tarehe ya kumaliza. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, andika: "Nikipata homa, nichukuliwe damu ya kuotesha kabla ya kupewa antibiotiki yoyote."